Taa ya Mama Ilizimika Mara Tatu

Makutano, Meru
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Mithika,

Nakusalimu kwanza, maana waliotulea hawakutufundisha kuanza maneno kabla ya salamu, hata mtu akiwa amekasirika kama nilivyokasirika mimi leo. U hali gani? Mke wako na watoto wanaendeleaje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Sisi huku tuko. Baridi ya Julai imetukamata barabara, ukungu hautoki mpaka saa tano, na goti langu linanikumbusha umri wangu kila nikikutana na ngazi. Maharagwe tumevuna, mahindi bado.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa karatasi kana kwamba simu hazijaletwa duniani. Ni kwa sababu kila nikikupigia na kufika kwenye neno lenyewe, unaniambia mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Anakuletea Ikran, binti wa mzee Burale wa duka la vifaa hapa Makutano, anayekuja huko Kanada kusomea uuguzi. Amekubebea na kifurushi kidogo. Tafadhali usikifungue kwanza. Soma.

Mama yuko hapa kwangu. Anakula, anatembea mpaka langoni, na jana alinigombeza kwamba ugali wangu ni mwepesi. Hilo nimelitanguliza ili usishtuke, ingawa kushtuka kidogo ungestahili.

Sasa tuanze. Wewe ndiye uliyetuletea mambo ya shamba la ndani ya nyumba. Ulitutumia picha za pale unapofanya kazi, mboga zimejipanga kwenye rafu chini ya taa za zambarau, na ukatueleza jinsi mnavyofungulia hewa ya ukaa ndani ya chumba ili mimea inenepe. Shemeji yetu Mwaniki, ambaye tangu aoe Gacheri wetu hajawahi kusikia jambo jipya akalipita, akakigawanya kile chumba kikubwa cha nyumba yao pale mtaa wa Dallas, Embu, kwa mbao nyembamba. Upande mmoja stroberi. Upande wa pili Mama, aliyekuwa amekaa kwao tangu Januari ili awe karibu na kliniki.

Sikatai, stroberi zilikubali. Ulimtumia mtungi wa hewa na kile kipimo chenye kengele, na baada ya wiki chache majani yalikuwa mapana kama kiganja changu. Mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Najua mmea hula ile hewa tunayoitoa puani, na ukiuongezea, huku mwanga na maji vipo, unakua mbio. Lakini najua pia kwamba chakula cha mmea si chakula cha mtu. Hewa hiyo ni nzito, na chumba kikifungwa hutuama chini kama maji. Nililijua hilo, Mithika, na nitarudi hapo baadaye kwa aibu yangu mwenyewe.

Mtungi uliisha mwezi wa tano. Mtu mwingine angesema basi, stroberi na zikue kama zamani. Mwaniki akakumbuka muratina ya marehemu baba yake. Unajua mzee yule alivyosifika, hakukuwa na posa upande ule wa Embu iliyopelekwa bila pombe yake ya asali. Mwaniki alikuwa ameona tangu utotoni jinsi pombe inavyochemka bila moto ikiumuka, na wewe ulikuwa umemweleza kwenye simu kwamba mapovu yale ni hewa ileile ya mtungi. Akatafuta asali na miratina yenyewe, yale matunda ya kuumulia, akajaza mapipa manne, akayaingiza kwenye chumba cha stroberi, akaziba madirisha kwa karatasi za plastiki na gundi. Kwa kuwa Gacheri ameokoka na hawezi kulala nyumba moja na pombe, alimwambia ni mbolea ya maji. Na Gacheri, msomi wetu wa chuo kikuu, akaamini kwamba mbolea inaweza kunukia asali.

Kengele ya kipimo ikaanza kulia. Ikalia mchana kutwa. Mwaniki alikuandikia akuulize, na ujumbe wako amenionyesha, usije ukaniambia sikuelewa. Ulimjibu hivi: «Hizo mashine husumbua zikiingia vumbi. Chomoa.» Akachomoa. Lakini wewe mwenyewe, Krismasi ya mwaka juzi, ulitusimulia kwamba hapo kazini kwenu kengele hiyo ikilia hata mara moja, watu wote huacha kazi na kutoka nje, hata meneja. Kwa hiyo huko inalia hatari, na huku inalia vumbi? Mapafu ya Embu yametengenezwa kwa nini?

Mama alianza kulalamika kichwa. Akasema anaamka amechoka kuliko alivyolala, na moyo unamwenda mbio akiwa amelala tu. Wewe unajua anavyolala, godoro lake liko sakafuni kwa sababu anaogopa kuanguka kitandani, na zile mbao za Mwaniki hazikufika chini. Palibaki mwanya wa kupitisha mkono. Gacheri akampa dawa za maumivu. Mama akasema hapana, si kichwa, ni chumba. Alisema chumba kile kinakula pumzi. Wakacheka.

Basi Mama akafanya alichofundishwa. Umesahau babu yetu alikuwa fundi wa kuchimba visima kule Tigania? Hakuna mtu aliyeshuka kisimani kwake kabla ya taa kuteremshwa kwanza kwa kamba. Taa ikiwaka, unashuka. Taa ikizimika, hushuki hata kama umeangusha sururu yako huko chini. Mama alikuwa akiishika kamba hiyo akiwa msichana. Akaitoa koroboi yake kwenye sanduku, akaiwasha, akaiweka juu ya kigoda, ikawaka vizuri. Akaiweka sakafuni karibu na mbao, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika. Mara tatu. Akamwita Gacheri aje aone kwa macho yake.

Unajua Gacheri aliona nini? Aliona mama mzee wa miaka themanini na mmoja anayecheza na moto ndani ya nyumba yenye umeme. Alimnyang'anya koroboi na kibiriti, akavifungia kabatini. Akakupigia simu. Na wewe, kutoka huko uliko, bila kuuliza swali hata moja, ukasema Mama ameanza kupotewa na akili, afichwe vitu vya moto na apelekwe kwa daktari wa wazee. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kumwekea mikono kichwani waiombee akili yake irudi. Mama aliniambia baadaye kwamba alikaa kimya maombi yote, kwa sababu mtu akishasemwa ni mwendawazimu, hata akijibu vizuri watu husikia wazimu.

Sasa aibu yangu. Na mimi nilipigiwa simu hiyo. Nilielezwa habari ya koroboi, yote, jinsi inavyowaka juu na kuzimika chini. Mimi Karwirwa, mwalimu wa sayansi, niliyefunika mshumaa kwa chupa mbele ya wanafunzi kila mwaka kwa miaka thelathini na mmoja nikiwauliza kwa nini umezimika! Nikasema, masikini Mama, uzee umemfika. Kwa hiyo usidhani nakurushia mawe nikiwa nimesimama mahali safi. Nimejirushia langu kwanza.

Ijumaa ya tarehe ishirini Juni niliteremka Embu kumpelekea Mama nduma. Nilifika kama saa nne asubuhi. Gacheri yuko kazini, Mwaniki amepeleka stroberi hotelini. Nikaita, kimya. Nikaingia chumbani, Mama yuko kwenye godoro, mdomo wazi, uso umebadilika rangi. Nilipoinama kumtikisa, pua ikanichoma kama mtu aliyevuta soda kwa pua, na kichwa kikazunguka. Hapo ndipo mshumaa wa darasani ulinijia, baada ya kuchelewa hivyo. Nilimshika kwapani nikamburuta, Mithika. Mama yetu, nilimburuta kama gunia mpaka barazani, nikipiga yowe mpaka mlinzi wa jirani akaja kumshika miguu. Alilala pale kwenye hewa ya nje muda ambao sitausahau. Kisha akakohoa.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari, kijana mpole sana, aliuliza kama tulikuwa na jiko la makaa ndani ya chumba. Nikasema hapana, kuna stroberi. Alinitazama kama anayejiuliza ni nani hasa mgonjwa. Ilibidi Mwaniki aje aeleze mwenyewe mapipa manne ya muratina, na Gacheri akiwa amesimama hapohapo akisikia kwa mara ya kwanza. Sitakuandikia alichosema. Ameokoka, na ni vizuri karatasi isijue.

Jioni hiyo Gacheri alikutumia ujumbe kwamba Mama amezirai na yuko hospitali. Ninalo hapa jibu lako. «Poleni sana. Lakini msiache mlango wa garden wazi, mimea itashtuka.» Nimelisoma mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ungekuwa umemaanisha kitu kingine. Sijapaona.

Na juma lililopita ukamwandikia Mwaniki tena. Eti sasa atoboe ukuta aweke bomba la kutolea hewa, arudishe kipimo, na Mama anaweza kurudi chumbani kwake Agosti kliniki yake ikianza tena. Na kwamba watu wakiuliza, waambiwe ilikuwa presha. Nilipoona neno hilo la presha ndipo nilipokwenda kununua karatasi.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi imekuwa kinyume. Mkuu alisema, tukakataa kusikia, na nusura avunjike yeye huku sisi tukiwa wazima.

Mapipa yametolewa. Mwaniki ameng'oa zile mbao kwa mikono yake na alikuja hapa na mbuzi na baba zake wadogo wawili, akamwomba Mama msamaha mbele ya watu, mtu mzima analia. Gacheri alisimama kanisani akasema mama yake alikuwa na akili timamu wakati wao wote hawana. Stroberi zingine zimehamishiwa nje na zinakua polepole kama vitu vya Mungu. Mama harudi Dallas. Kliniki nitampeleka mimi.

Aliyebaki ni wewe. Sitaki kitu chochote kutoka kwako, usinitumie mashine, usinitumie mtungi. Nataka umpigie Mama simu, useme kwa mdomo wako, «Mama, ulisema kweli.» Maneno matatu. Bado kuna watu wanaomsemesha polepole kwa sauti ya juu kama mtoto, kwa sababu mwanawe wa Kanada, msomi, ndiye aliyesema amepotewa na akili. Wewe ulimvua jina lake, na sisi wengine hatuwezi kumrudishia kwa niaba yako.

Nilimsomea Mama barua hii jana barazani, kabla sijainakili vizuri. Nilitarajia aniambie niongeze makali. Aliuliza tu kama nyumba yako ina madirisha. Nikamwambia yapo, ila uliwahi kusema huko baridi ikiingia hufungwa miezi sita. Akaingia ndani, akatoka na koroboi yake ile Gacheri aliyomrudishia. Akaifuta kwa kanga. Akasema nikutumie.

Ndiyo iliyo kwenye kifurushi, sasa unaweza kukifungua. Utambi ni mpya. Mafuta ya taa utatafuta huko, mzee Burale amesema ndege haibebi.

Nisalimie mke wako na watoto, waambie shangazi anawapenda na hana neno nao. Mwaniki na Gacheri wanakusalimu, na mzee Burale pia. Mungu akulinde unapolala na akuamshe asubuhi, dua ambayo siku hizi naisema nikiwa namaanisha kila neno.

Na huu ndio ujumbe wa Mama, nimeuandika kama alivyousema: «Mwambie aiweke chini anapolala, si juu ya meza. Ikizimika, awatoe watoto, atoke na yeye. Kubisha atabisha akiwa nje.»

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Karwirwa