Ashike Mkiani

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Baba na mama hawajambo? Mgongo wa mama vipi? Mimi sijambo, ila maabara yetu ina baridi mpaka nasahau kwamba nami ni mtoto wa watu.

Msomee baba barua hii, maana macho yake siku hizi ni ya mapambo tu. Tunatafuta wale konokono wa baharini wenye umbo la koni, ambao makombe yao yeye huyang'arisha na kuyauza. Sumu yao ni mchanganyiko wa vipande vidogo vya protini, tunaviita peptidi, na kimojawapo tunakijaribu kiwe dawa ya maumivu. Tunahitaji kumi, wakiwa hai. Kibali kipo, na mtu wetu atawafuata Ijumaa.

Mwambie asimguse hata mmoja kwa mkono. Atumie koleo. Akilazimika sana, ashike mkiani, mbali na mdomo. Mdomoni mna jino kama sindano, na sumu hiyo haina dawa ya kuizima.

Mdogo wako

2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mmeanza kupata usingizi. Mimi bado.

Nilikuja, tukamzika baba, nikarudi, na mama hakunisemesha. Juzi nilipompigia alisema tu, "Uliandika mkiani," akakata simu.

Ni kweli niliandika. Hapa kazini mkia ni ule upande mpana, nyuma ya mnyama. Nyumbani kwetu, tangu tukiwa wadogo, mkia ni ile ncha nyembamba. Na mdomo uko kwenye ncha. Neno hilo nimekua nalo, kaka, nikalisahau kwa miaka sita tu ya kukaa na wasomi. Baba alishika pale pale binti yake alipomwelekeza.

Nimemuua baba. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tunasukuma siku. Mama anakula kidogo. Usijitese, kazi ya Mungu haina makosa.

Nina swali moja. Je, aliumia? Mimi ndiye niliyembeba mpaka zahanati na hakulalamika. Alisema midomo imekufa ganzi, halafu akaacha kuongea.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Shikamoo, na asante kwa kuandika.

Nadhani hakuumia sana. Baadhi ya zile peptidi hufunga njia ya maumivu. Nyingine hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Angepata mashine ya kumpumulia siku moja, mbili, huenda angeamka. Vitu hivyo ndivyo ninavyopima kwenye vichupa kila siku. Nimeomba kuhamishiwa kitengo kingine.

Nimempigia mama mara kumi na moja, hapokei. Umebaki wewe tu wa kunihurumia.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba ya shikamoo zako zote nilizoziacha bila jibu. Leo sikuulizi hali, maana nikianza kuzunguka sitasema.

Baba hakulisikia hilo neno. Sikumsomea. Barua ilifika nina mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshanyoa, nusu bado, naye anapiga kelele kwamba atachelewa harusini. Baba akachungulia mlangoni: "Profesa wa konokono kasemaje?" Nikapitisha macho mistari ya juu, nikamwambia, "Anataka wale wa koni, kumi, wazima, kabla ya Ijumaa." Barua nikaitia mfukoni. Akaondoka anacheka. Alimshika konokono kwa ncha kwa sababu ndivyo alivyozoea kushika makombe matupu maisha yake yote.

Mama aliikuta barua kwenye suruali yangu kabla hujafika msibani. Akaniuliza kama hayo ndiyo niliyomsomea baba. Nikasema ndiyo. Nilijiambia kesho nitamweleza ukweli, na kesho hiyo imekuwa karibu mwaka. Nakuonea haya, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe.

Kaka yako

24 Februari

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Nina hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo kwa mtu yeyote. Mkiani niliandika mimi, na huenda ungemsomea bado angekufa. Hilo ni langu, nitabaki nalo. Lakini lako sikubebei tena. Nenda kwa mama. Usiniandikie kabla hujamwambia.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemwambia.

Alikuwa uani anakunja nguo. Hakulia, hakunipiga. Aliendelea kukunja mpaka kapu likaisha, mashati yangu tu akayaacha kwenye kamba. Kisha akauliza, "Huko aliko mwanangu, saa hizi ni saa ngapi?" Nikamwambia ni saa tano asubuhi, uko kazini. Akavuta kiti, akaweka simu mapajani, akasema atangoja utoke.

Naandika bado amekaa pale pale. Barua hii itafika baada ya simu yake, kwa hiyo mengi utakuwa umeyasikia kwake. Mimi tangu hapo hajanisemesha. Sasa zamu ni yangu.

Kaka yako