Za Ofa Nazo Zimo Kwenye Damu

Mama Tumaini wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja unatetemeka, utauona kwenye mwandiko. Hujambo wewe? Tumaini naye? Kile kikohozi chake kimeisha? Mimi mzima kwa macho ya watu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningekuchekesha na jambo lenyewe lingepita.

Siku ile unapanda basi kurudi Masasi ulisema, "Maneno yako nimeyachoka. Lete karatasi ya hospitali kwamba si mlevi, ndipo nitarudi." Basi nikaitafuta. Mumeo unamjua, Kariakoo nzima hakuna mlango nisioujua. Nikasikia kuna hospitali wanajaribu kipimo cha damu kinachomfichua mlevi hata wiki mbili baadaye, hata awe ametafuna karafuu gunia zima. Wanakuuliza unakunywa kiasi gani, halafu wanatoa damu, wanaangalia kama damu na mdomo vinakubaliana. Nikajitolea. Nesi akaniuliza, nikajibu bila kupepesa: "Bia mbili kwa wiki, Jumamosi tu." Na Mungu shahidi, sikudanganya.

Baada ya siku chache daktari akaniita. "Ndugu yangu, damu yako inasema mengine kabisa. Ama kipimo chetu kibovu, ama hesabu yako."

"Kipimo chenu kibovu," nikamwambia. "Mimi nimewabebea mizigo Wachina, Wakongo, Wazambia, hakuna aliyewahi kuilalamikia hesabu yangu."

Wakatoa damu tena. Majibu yaleyale. Ndipo yule nesi akavuta kiti. "Kaka, tuanze Jumatatu. Ulikunywa?"

"Sikununua hata moja."

"Sijakuuliza kununua. Ulikunywa?"

"Aa, za ofa? Dada, za ofa si zangu, ni za wenyewe!"

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nami nikacheka. Kisha akaiokota. "Zihesabu."

Kijiwe chetu unakijua. Bia inahesabiwa kwa aliyenunua. Mwenye mdomo mtamu kazi yake ni kunogesha. Mkongo akimaliza kupakia marobota yake ya mitumba, mbili. Jirani kapata mtoto, nne. Kuna msiba, hapo ni toti bila idadi, kumliwaza mfiwa. Kwa hadithi zangu sijawahi kunyimwa. Tulipofika Alhamisi ukurasa ulikuwa umejaa, na mimi kicheko kilishaniisha. Daktari akausoma, akasema taratibu, "Basi kipimo chetu kizima." Walifurahi, mke wangu. Kimefaulu. Kila nilipokuapia kwamba nakunywa kidogo nilikuwa naamini mwenyewe, na hilo ndilo linalonimaliza.

Daktari kanikataza kuacha ghafla peke yangu, kasema niende wanisaidie. Sijaenda. Naona haya kuingia pale bila kichekesho. Nikajifanya mjuaji, nikaacha mwenyewe. Siku ya pili mikono ilitetemeka mpaka robota likanichomoka begani, nusura limwangukie mama muuza maji. Wenzangu wakanipa bia moja ya kunituliza. Nikaipokea.

Karatasi uliyotaka nimeiweka humu ndani. Sikuikunja penye namba, uione vizuri. Usirudi, mke wangu. Sina cha kukurudishia.

Nisalimie mama mkwe, mwambie asinitetee tena. Msalimie shemeji yangu fundi baiskeli, aliyenipa nauli ya kwanza kuja Bongo, na kaka yangu mkubwa, ila yeye usimsomee hii. Tumaini mbebe mgongoni kidogo kwa niaba yangu. Mwambie baba alikuwa anabeba vizito kuliko wote sokoni.

Nimekalia robota, saa tisa mchana. Wenzangu ng'ambo ya barabara wananiita, "Baba Tumaini, njoo bwana, hii ya kwangu!" Nimewajibu namalizia barua. Nimeandika polepole sana, herufi moja moja, nisifike mwisho. Ila sasa karatasi imejaa.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini