Viatu vya Baba

Dada yangu,

Salamu ni nyingi ila karatasi ni fupi. Wifi yako amekipaka rangi ya kijani kibanda changu cha kinyozi, eti kinavutia. Mimi naona kama bwawa la vyura. Wateja wamerudi lakini. Hata yule mwalimu aliyekuwa akisali kila nikishika wembe, siku hizi anasinzia kitini.

Mikono imetulia, Dada. Daktari alinipa vidonge vya kupunguza hamu ya pombe, nameza kimoja kila asubuhi baada ya chai. Mwanzoni nilimcheka. Sasa napita mbele ya baa, na kile kitu kilichokuwa kikinivuta shati hakina nguvu tena. Kuna siku kinajaribu. Siku hizo naenda kuongea na daktari, kisha narudi kazini.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akituambia tufiche viatu vya Baba ili asiende kunywa? Wewe unavizika kwenye debe la unga, mimi nakaa juu ya mfuniko. Naye anaondoka pekupeku, sisi tunabaki tukicheka. Hata siku walipomleta amekufa, miguu ilikuwa mitupu.

Jana nilimuuliza daktari kama dawa hii imegunduliwa juzijuzi. Akasema, "Wapi! Ni ya siku nyingi hii. Hata wakati wa baba yako ilikuwepo."

Ilikuwepo, Dada. Na sisi tulikuwa tunaficha viatu.

Mdogo wako,
Kinyozi