Nguzo Uliyosema Inaria

Fundi Ndirangu,

Nakuandikia nikiwa bado nanuka. Nimeoga mara mbili, nimesugua kucha kwa mchanga, na bado mke wangu ameniambia chakula changu nikilie nje. Simlaumu. Harufu yenyewe ni ya ile nguzo ya nyuma, kwenye nyumba ya ghorofa karibu na soko, nyumba ya mwisho tuliyopima pamoja kabla kifua hakijakulaza.

Tangu tukuzike kwenu Endarasha mvua imenyesha ikakatika. Mkeo hajambo. Amevuna viazi, na kila tukikutana ananikumbusha kwamba koti lako la kazi liko kwangu. Najua liko kwangu. Ni hilo koti lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka siku ile? Mfanyabiashara aliyeijenga nyumba alikuwa ameiuza wakati wa uhuru akaondoka, na mwenye nyumba mpya alitaka kujua kama bado ina nguvu. Chini maduka, juu familia sita na choo kimoja. Wewe uligonga nguzo kwa nyundo, mimi nikafuata na chaki ya buluu: vema kwa nguzo nzima, msalaba kwa iliyooza. Asubuhi ulikuwa umenifundisha tena, kana kwamba sijafanya kazi nawe miaka tisa: "Simiti mzuri inaria kama kengere ya kanisa. Ikinyamaza, huko ndani imekufa."

Nilikucheka. Herufi ya L haikuwahi kuripoti kazini kwako. Sisi sote wawili ni Wagikuyu, lakini ulikataza Kigikuyu kwenye mjengo, vibarua wa kutoka kwingine wasidhani wanasengenywa. "Nyumbani Gikuyu, kazini Kiswahiri." Nikaitii sheria hiyo. Laiti ungeivunja siku ile moja tu.

Tulipofika nguzo ya nyuma ukasema, "Hii inaria," ukakohoa, ukaketi juu ya mfuko wa simiti. Nikaandika vema. Inalia: kama kengele. Nguzo nzima. Tukaenda kunywa chai.

Kwa Kigikuyu nisingekosea, Fundi. Kwetu kengele hugamba, na mtu mwenye machozi ndiye hurira. Ni Kiswahili kilichoviweka vyote viwili katika neno moja, na mimi nikachukua lile lililokuwa jepesi.

Wiki iliyopita Mama Wanjiru, yule mshonaji wa ghorofani, alinisimamisha sokoni. "Fundi, mlango yangu imekataa kufunga. Nimeipunguza mbao mara mbili na bado." Watu wa nyumba hiyo walikuwa wamekwisha kumwambia mwenye nyumba kuhusu ufa kwenye nguzo ya nyuma. Akaupenda ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, akauziba na kupaka rangi ya maziwa. Msemo huo umeharibu nyumba nyingi hapa Nyeri. Wewe ulikuwa ukisema, "Kwanza uriza hiyo ufa inataka nini."

Nikaenda, nikaigonga nguzo ile. Ilisikika kama gunia la unga. Nikaanza kubandua, na plasta mpya ikatoka kipande kizima kama ganda la mkate. Chini yake, juu ya chokaa ya zamani, nikaona alama ya vema ya buluu. Mwandiko wangu.

Nikapanda ngazi hadi pale nguzo inaposhika slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofani. Acha nikuambie nilichokitoa humo, kwa sababu nisipokuambia wewe sitamwambia mtu. Kipande cha zege kilikuwa kimeanguka, na mtu akajaza shimo kwa karatasi za mifuko ya simiti na magunzi ya mahindi, akapaka juu. Nilipovuta magunzi, maji meusi yakanishukia hadi kwenye kiwiko. Bomba la choo cha juu lilikuwa limepasuka, likimwaga ndani ya nguzo sijui kwa miaka mingapi. Funza weupe walikuwa wanatembea juu ya vyuma. Vyuma vilikuwa vinne. Viwili nilivibambua kwa kidole, tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Nikashuka nikatapika nyuma ya duka la viatu.

Watoto wa Mama Wanjiru walikuwa wakilala juu ya kitu hicho.

Mwenye nyumba akaja na viatu vinavyong'aa, kitambaa puani. Hakutazama vyuma. Aliwatazama wapangaji waliosimama hapo, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, "Ni Ndirangu alipima hii. Alisema iko sawa. Sasa mnataka nishitaki kaburi?"

Wote wakanigeukia.

Fundi, nilitamani kukuachia lawama. Si kwa muda mrefu, lakini nilitamani. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Wewe huna mteja wa kupoteza tena. Kinywa changu kilikuwa bado na ladha ya matapishi na nikajua kabisa kwamba kinyaa kile hakikutoka kwenye choo peke yake.

Nilikuwa nimevaa koti lako. Nikatazama mkono wa kulia, pale penye doa la kahawia ambalo sabuni haikuwahi kulitoa, na siku ile yote ikanirudia. Hukuigonga nguzo ile. Uliweka kiganja, ukakitazama, ukakipangusa kwenye koti. Kiganja kilikuwa na maji ya kutu. Nguzo ilikuwa inalia machozi, na wewe ulisema hivyo hivyo. Mimi niliandika mlio wa nyundo ambayo haikupigwa.

Nikasema, "Ndirangu alisema ni mbovu. Alama ni yangu. Nilisikia vibaya. Lakini haya magunzi si yangu."

Mama Wanjiru hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Watoto wangu wako hapo juu," akachukua karai lililojaa magunzi, karatasi na funza, na wanawake wenzake wakamfuata. Walilimwaga juu ya kaunta ya duka la mwenye nyumba, katikati ya vitambaa vyake vya suti. Kabla ya saa kumi alasiri simiti na vyuma vilikuwa vimefika. Ungecheka hadi ukohoe.

Siku hiyo hiyo tuliegemeza slabu kwa magogo ya mikaratusi, tukahamishia familia vyumba vya mbele, tukafunga choo. Tumebandua zege lililooza hadi tukafika lililo safi, tumesugua vyuma vilivyobaki kwa brashi ya waya, tumefunga vipya kando yao na kumwaga zege kidogo kidogo. Bomba jipya linapita nje, kila mtu alione. Nguzo nyingine zote nimezigonga upya, zile zenye vema pia. Nimepata moja zaidi iliyooza. Sijalala vizuri tangu hapo.

Sikukuandikia unisamehe. Najua ungenipiga kofi kisha ungeninunulia chai. Nimekuandikia kwa sababu mjini wameanza kusema kwamba Ndirangu alizeeka akapoteza sikio, na mwenye nyumba ndiye anayewasemesha. Jumapili nitapanda Endarasha. Koti nitamrudishia mkeo bila kulifua, nimwonyeshe doa, nimweleze lilitoka wapi na nani hakusikia. Kisha nitawaambia na wazee wa kanisa, na yeyote atakayeuliza.

Mbao za nguzo tutazifungua zege likishika. Mama Wanjiru amesema nyundo atashika yeye, na simkatazi. Nitaweka kiganja kwanza. Akigonga, nikisikia inalia, nitamwuliza mbele ya watu wote: kama kengele, ama kama mtu? Sitaandika chochote kabla hajanijibu.

Pumzika, Fundi wangu. Alama ni yangu.