Gundi ya Mama

Wellington, 9 Machi 1999

Kaka Paora,

Hujambo? Wifi hajambo, na binti yetu Hinewai? Mimi mzima, ila barua yako imenichemsha damu. Eti hukatwi kwa sababu kamera imepita tumboni ikakuta safi! Kamera kama hiyo ilimpitia Mama, na mwaka haukuisha tukamzika.

Nikueleze mara ngapi? Seli za mtu hushikana kwa protini, ndiyo gundi yake. Damu yako imeonyesha umerithi gundi mbovu ya Mama. Seli zikigeuka saratani hazirundikani zikawa uvimbe. Kila moja huchomoka ikaenda zake ndani ya ukuta wa tumbo, kama unga uliokosa maji. Kamera itaona nini? Kubali waondoe mfuko wote wa tumbo kabla hazijatoka nje.

Mdogo wako,
Mereana

Opotiki, 2 Aprili

Mereana,

Huku wazima. Hasira zako nimezipata, pokea zangu. Mimi ndiye mpishi wa marae. Ukoo ukikusanyika pale kwa msiba, ukumbi mzima unanitazama mimi. Mpishi asiye na tumbo ataonja nini? Shangazi Rangi kasema, "Zamani tuliambiwa tumelogwa, leo gundi. Kesho je?"

Na wewe mwenye darubini, damu yako umeipima? Au ndiyo mkuki kwa nguruwe?

Kaka yako,
Paora

Wellington, 20 Julai

Kaka,

U hali gani? Mimi nakula kijiko kijiko, lakini nipo. Nilipima, ninayo gundi hiyo mbovu. Nimeshakatwa. Kamera ilisema safi, ndiyo! Walipoukata ule mfuko vipande vyembamba, wakakuta seli mbovu zimetapakaa kila upande. Halafu wakataka kuuchoma na taka! Nikawaambia, "Huo ni mwili wangu, una ardhi yake." Wameniwekea. Njoo uuchukue, ukanizikie nyumbani.

Mdogo wako,
Mereana

Opotiki, 15 Agosti

Mdogo wangu,

Unaendeleaje tangu nikuache? Kidonda kimefunga? Tumeuzika kando ya Mama. Shangazi Rangi aliuombea huku amenuna. Nimekasirika mno, kwanza na wewe, kukatwa bila kuniambia!

Tulipokuwa tunanawa mikono kwenye lango la makaburi, Hinewai akanikazia macho. "Baba, usipokatwa wewe, nami wakinikuta na gundi hiyo sikatwi." Nikamkaripia mbele ya watu. Hakulia, wala hakuomba radhi.

Leo asubuhi nimepiga simu hospitali. Naingia Jumanne. Njoo unishike mkono, maana nikiachwa peke yangu na wale watu nitawatukana, kisha nitatoroka.

Kaka yako,
Paora