Kijiko Kimoja cha Wali

Karanglo, Klaten,
3 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Prasetyo,

Pokea salamu za dada yako, hata kama umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Hujambo na baridi ya huko Japani? Na wifi yangu Hitomi, mzima? Sisi hatujambo, ila goti langu hulalamika kila mvua ikinyesha.

Mpwa wako Laras yuko kidato cha pili, na katika masomo yote kachagua Kijapani. Nilinuna wiki nzima, na sababu unaijua. Siku hizi anamwinamia kila mtu, hata muuza tempe za soya.

Jumamosi alimleta mwalimu wake, Bi Kazue, mgeni kutoka huko huko. Nikapika kuku wa nazi. Mgeni akala, punje haikubaki. Nami, kama mama alivyotulea, nikamjazia sahani. Akamaliza. Nikajaza tena. Sahani ya nne jasho lilimtoka, naye anatabasamu tu. Moyoni nikasema, huyu naye!

Kabla hajaimaliza nikaenda kuchota ya tano, Laras akanifuata jikoni.

"Mama, utamuua mwalimu wangu! Tumefundishwa darasani, kwao kubakiza chakula ni kumdharau mpishi."

"Na kwetu sahani tupu ni kuomba nyongeza. Hujui?"

"Mimi najua, yeye hajui! Weka huo mwiko, nikamwambie."

Akamnong'oneza kwa Kijapani. Bi Kazue akabakiza kijiko kimoja cha wali, akanitazama kwa woga. Sikumwongeza. Tulicheka wote mpaka machozi, ila yangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

Prasetyo, miaka minane iliyopita wifi alikula sahani tano mezani kwangu, nami nikamwita mlafi mbele yako. Asubuhi yake mkafunga mabegi, hamjarudi tena. Kumbe maskini alikuwa akiniheshimu! Nisameheni. Na wewe ulijua, ukanyamaza kwa hasira; hilo nalo nimekusamehe. Leo nimeutua mzigo, nahema vizuri.

Laras na aendelee na Kijapani chake, sina neno.

Mbusu mwanao Kenta, ambaye shangazi yake hajamwona. Baba Laras na Mjomba Wiryo wanakusalimu. Mungu awalinde nyote watatu.

Njooni Idi. Nitapika kuku yule yule. Wifi akishiba, abakize kijiko kimoja tu, nitaelewa.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Sumarni