Mabeseni Yaliyong'aa

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Sisi tupo tu. Paka wa jirani amezalia chini ya kitanda chako, na Mama hataki afukuzwe. Anasema angalau chumba kina watu.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona kidonda cha Baba kilianza kukauka halafu kikageuka ghafla. Mama alikuwa ubavuni kwangu, ningejibuje?

Unaijua kazi yangu ya hospitali. Tunachemsha maganda ya mananasi na molasi, tunachuja, maji yakipoa tunatia bakteria, nao wanafuma utando mweupe juu ya maji. Utando huo ndio tuliomfunika nao Baba pale alipoungua. Ila hautaki kutikiswa, na kazini jenereta linatetemesha meza, kwa hiyo wa Baba nikaukuzia chumbani kwangu, kwenye mabeseni.

Mama aliingia kufagia, akakuta mabeseni yana utelezi na harufu ya siki. "Masikini mwanangu, kazi imemzidi mpaka vyombo vinamwozea." Akamwaga vyote, akasugua kwa sabuni. Alinisimulia huku anatabasamu. Nilianza upya siku ileile, lakini kidonda hakikusubiri.

Nilimwambia ahsante. Akikuuliza, sema sukari ya Baba ilipanda.

Tangu tuzike, kila asubuhi anakuja kuyaosha mabeseni tena, ingawa hayana kitu. Anasema, "Baba yako sikuweza kumsaidia. Angalau wewe nakusaidia."

Yanang'aa, kaka.

Dada yako